Fedheha Iliyoandikwa Daftarini

Mwaka 46 KK Julius Caesar alimtaka Decimus Laberius apande jukwaani mbele ya Roma nzima. Laberius alikuwa mtunzi wa michezo ya kuchekesha, mtu mzima wa umri unaokaribia miaka 60, na alikuwa wa tabaka la wapanda farasi, linalofuata mara tu baada ya maseneta. Kutunga mchezo hakukuwa na neno. Kuucheza kwa mwili wako mwenyewe, watu wakikutazama, ndiko kulikokuwa na gharama: Mrumi huru aliyepanda jukwaani alihesabiwa kuwa infamis, na infamis hakuwa na kiti katika tabaka lile. Laberius akacheza, kwani aliyemwomba hakuwa mtu wa kukataliwa. Mchezo ulipokwisha, Caesar akampa sestersi 500,000 na pete ya dhahabu, alama ya tabaka lake. Mzee akashuka, akakatiza mbele ya maseneta, akaenda kuketi kwenye zile safu 14 zilizotengewa wapanda farasi. Heshima yake ilivuliwa na kuvishwa upya siku moja, na aliyeivua ndiye aliyeivisha.

Kutokana na neno hilo la Kilatini Kiingereza kilipata kivumishi infamous, ambacho kilianza kuonekana katika maandishi mwishoni mwa karne ya 14. Kamusi zetu hukifasiri kuwa “enye sifa mbaya” au “mashuhuri kwa ubaya”, na kwa msomaji wa magazeti ya leo fasiri hiyo yatosha. Haimtoshi anayesoma sheria, historia au katiba. Kwa sehemu kubwa ya umri wake neno hili halikuwa tusi wala maoni ya mtu. Lilitaja hali ya kisheria, kama ufilisi: mwenye mamlaka alikutangaza, ukaandikwa, na tangu siku hiyo ukapungukiwa na haki zinazoweza kutajwa moja moja.

Ndiyo maana naona kila anayelikuta neno hili, awe mfasiri, mwandishi wa habari au mwanafunzi wa sheria, aliulize maswali matatu. Nani ametamka? Aliyetamkiwa amepoteza nini? Na mpaka lini? Kwa karne nyingi maswali hayo yalikuwa na majibu. Mengine yalikuwa ya kikatili na mengine ya kipuuzi, lakini yalikuwapo. Kiingereza cha sasa kimebaki na doa tu.

Neno lililozaliwa mdomoni

Mzizi wake ni kitenzi cha Kilatini fari, kusema. Humo mlitoka fama, yaani lile linalosemwa juu ya mtu, fabula, hadithi, fatum, lililokwisha kutamkwa na miungu, na infans, mtoto mchanga asiyeweza kusema. Ukiweka kiambishi cha kukanusha mbele ya fama unapata mtu asiye na la kusemewa, aliyepokonywa jina lake jema. Ndugu yake wa karibu ni ignominious, aliyetokana na nomen, jina: huyo amepungukiwa na jina lenyewe.

Fama haikuwa njema wala mbaya. Vergilius, katika kitabu cha nne cha Aeneis, aliichora kama dubwana linaloruka usiku, lenye macho, ndimi na masikio mengi kama manyoya yake, likitangaza kweli na uongo bila kubagua. Tena kivumishi famosus, ambacho Kiingereza kilikigeuza kuwa neno la sifa, kwa Warumi mara nyingi kilikuwa na harufu ya ubaya. Wanasheria waliita maandishi ya kumkashifu mtu libelli famosi. Jina hilo lilivuka bahari hadi London, ambako mwaka 1605 shauri la shairi lililomdhihaki Askofu Mkuu wa Canterbury baada ya kufa kwake liliandikwa katika kumbukumbu za mahakama kama De Libellis Famosis, likawa msingi wa sheria ya kashfa ya Uingereza. Kwa hiyo kujulikana na kuaibika vimekuwa jirani tangu mwanzo, na kilichokuwa kikivitenganisha ni mamlaka ya anayesema.

Orodha ya Warumi

Roma ilikuwa na wasemaji wawili rasmi. Wa kwanza walikuwa censores, maofisa wawili waliohesabu raia. Katika daftari lao waliweza kutia alama kando ya jina la mtu, na alama hiyo ikamtoa katika Seneti, ikamnyang'anya farasi wa serikali au ikamhamishia kabila la uchaguzi lisilo na uzito. Wa pili alikuwa praetor, msimamizi wa mahakama, ambaye tangazo lake la kila mwaka liliorodhesha watu wasioruhusiwa kusimama mahakamani kwa niaba ya wengine.

Orodha hiyo imehifadhiwa katika kitabu cha tatu cha Digesta, mkusanyo wa sheria uliotolewa na Justinianus mwaka 533. Ndani yake yumo askari aliyefukuzwa jeshini kwa fedheha, yumo aliyepanda jukwaani kuigiza, yumo kuwadi. Wamo waliopatikana na hatia ya wizi, unyang'anyi, kumdhalilisha mtu na ulaghai. Kisha linakuja kundi ambalo kwangu ndilo lenye uzito zaidi: walioshindwa kesi zilizotokana na ushirika wa biashara, ulezi wa yatima, uwakala na amana. Hizi si jinai. Ni madai ya fedha, ya aina ambayo kwa kawaida mtu hulipa anachodaiwa akaenda zake. Praetor aliona kuwa katika mambo hayo manne malipo peke yake hayatoshi, kwa sababu yote yanasimama juu ya kuaminiana. Aliyeila amana ya mwenzake amejionyesha ni mtu wa namna gani, na mtu huyo asipewe kusema kwa niaba ya mwingine.

Mpaka hapo orodha ina mantiki. Lakini mwigizaji amefanya nini? Cornelius Nepos, aliyeandika zama za Caesar, aliwaonya wasomaji wake Warumi wasishangae kusikia kwamba kwa Wagiriki kupanda jukwaani hakukuwa aibu kwa yeyote, ilhali Roma jambo hilo hilo lilimshusha mtu. Mshangao huo ulikuwa na sababu. Warumi hao hao waliwapenda waigizaji na wapiganaji wa viwanjani, wakaandika majina yao kutani, wakawashangilia hadi sauti kukauka. Mtu huyo huyo alikuwa kipenzi cha mji na hakuwa na heshima mbele ya sheria. Hoja yao ilikuwa kwamba anayeuza mwili wake utazamwe amejiweka chini ya wanaomtazama, wala raia wa kweli hafanyi hivyo. Orodha iliyotungwa kulinda uaminifu ikatumika pia kulinda tabaka. Kila zama zilizofuata zililipokea neno hili likiwa na kazi hizo mbili, ya haki na ya kiburi, na kuzitenganisha si rahisi.

Lisemwalo lipo

Wanasheria wa Kanisa katika zama za kati waliigawa fedheha hii mara mbili. Kuna ile ya sheria, inayoletwa na hukumu au kanuni. Na kuna ile ya hali halisi, inayokuja mtu anapokuwa amepoteza jina lake mbele ya watu wema bila hakimu yeyote kutamka. Mgawanyo huo uliishi muda mrefu: Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa 1917 bado ulikuwa nao, na ni ule wa 1983 ulioziondoa adhabu hizo.

Mgawanyo ulifungua mlango wa hatari. Mtaguso wa Nne wa Laterani, mwaka 1215, uliweka utaratibu ambao hakimu wa Kanisa angeweza kumchunguza mtu hata kama hakuna mshtaki, iwapo sauti ya umma juu yake imekuwa kubwa na imerudiwa mara nyingi. Uvumi ukakalia kiti cha mshtaki. Waswahili husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mahakama za wakati huo ziliishi kwa imani hiyo. Ni kweli mtaguso uliweka kinga. Sauti hiyo itoke kwa watu wenye busara na si kwa wabaya wa mshukiwa, na mwenyewe aitwe aelezwe anayoshukiwa. Hata hivyo daraja kati ya domo la mtaa na kalamu ya hakimu lilikuwa limejengwa.

Miji ya Italia ilikwenda mbali zaidi, ikaigeuza fedheha kuwa picha. Msaliti au mfilisi aliyetoroka alichorwa ukutani kwenye jengo la serikali, mara nyingi akining'inia kichwa chini, ili mji umtazame hata kama mkono wa sheria haujamfikia. Firenze iliwatumia wachoraji wake bora kwa kazi hiyo. Mwaka 1440 Andrea del Castagno aliwachora wapinzani wa ukoo wa Medici kwenye jumba la mahakama, na watu wakambandika jina la Andreino wa Wanyongwa. Mwaka 1478 Botticelli alilipwa awachore waliohusika na njama ya ukoo wa Pazzi ya kumuua Lorenzo de' Medici. Picha hizo zilidumu hadi 1494, Medici walipofukuzwa mjini, zikafutwa. Swali la mpaka lini lilipata jibu lake hapo: mpaka aliyeamuru picha apoteze madaraka.

Shahidi asiyesikilizwa

Uingereza ililipokea neno na kulitia katika sheria ya ushahidi. Mtu aliyehukumiwa kwa uhaini, kwa jinai kubwa au kwa makosa ya uongo kama kughushi na kuapa uongo aliitwa infamous, na alichopoteza ni kimoja, kikubwa: neno lake. Hakuweza kutoa ushahidi mahakamani hata kama ni yeye peke yake aliyeona mauaji. Majaji wa karne ya 18 walisisitiza kwamba linalomfedhehesha mtu ni kosa lenyewe, wala si adhabu aliyopewa. William Eden, katika kitabu chake cha 1771 kuhusu sheria ya adhabu, alieleza kuwa fedheha ni za aina mbili: moja hutokana na watu wanavyoiona adhabu, nyingine hutokana na sheria inavyopima ukweli wa mtu siku za mbele.

Jeremy Bentham aliipinga kanuni hiyo kwa hoja nyepesi kueleweka: ukimziba mdomo mwenye hatia ya zamani, umempa ruhusa kila mhalifu mpya kufanya atakalo mbele ya macho yake. Mwaka 1843 Bunge lilikubali kwa sheria iliyoitwa kwa jina la Lord Denman. Tangu hapo mwenye hatia alisikilizwa kama wengine, na waamuzi wakaachiwa wampime wenyewe.

Msomaji wa pwani yetu atakuwa ameukumbuka mjadala mwingine unaofanana na huu, usiotoka Roma. Surat an-Nur, aya ya nne, inaamuru kwamba wanaowasingizia wanawake waliojihifadhi bila kuleta mashahidi wanne wapigwe mijeledi 80, na ushahidi wao usikubaliwe kamwe. Aya inayofuata inawatoa waliotubu. Wanazuoni wakauliza: je, toba humrudishia msingiziaji ushahidi wake, au humwondolea tu jina la ufasiki? Abu Hanifa aliona ushahidi wake haukubaliki tena hata akitubu. Shafii, ambaye madhehebu yake ndiyo yaliyoenea Uswahilini, aliona kwamba akitubu ushahidi wake unakubaliwa, na Malik na Ahmad walikuwa na rai hiyo. Fedheha ya kisheria inayofuata ulimi wa mtu, na ugomvi juu ya mwisho wake, si mali ya Ulaya peke yake.

Mbali na ushahidi, Waingereza walikuwa na mkatale: ubao wenye matundu ya shingo na mikono, mhukumiwa akisimamishwa sokoni kwa saa moja. Hapo hukumu ya mahakama ilikabidhiwa umati, na umati haukutii siku zote. Daniel Defoe alisimamishwa kwa siku tatu mwezi Julai 1703 kwa kijitabu alichotumia kulidhihaki Kanisa la Uingereza, na inasimuliwa kwamba watu walimrushia maua badala ya mayai mabovu. Mwaka 1814 nahodha maarufu wa vita vya baharini, Lord Cochrane, alitiwa hatiani kwa ulaghai wa soko la hisa uliotegemea uvumi kwamba Napoleon amekufa. Alihukumiwa kifungo, faini na mkatale. Alifukuzwa Bungeni, na bendera yake ya ushujaa ikang'olewa katika kanisa la Westminster Abbey. Wapiga kura wa Westminster wakamchagua tena. Serikali ikaogopa kumpandisha mkatalani, ikaifuta sehemu hiyo ya adhabu. Miaka miwili baadaye mkatale ukaondolewa kwa makosa yote isipokuwa kiapo cha uongo, na mwaka 1837 ukafutwa kabisa. Cochrane alisamehewa mwaka 1832, na bendera yake ilirudishwa mwaka 1860, alipokuwa akizikwa.

Kisa hicho kinaonyesha aina zile mbili za fedheha zikivuta kila moja upande wake. Sheria ilimwita infamous, watu walikataa. Mkatale ulikufa kwa sababu serikali iligundua kwamba haiwezi kuukodisha mdomo wa umma na bado ikaumiliki.

Katiba na kivumishi kimoja

Marekani ililiweka neno hili mahali ambapo haling'oki kwa urahisi. Marekebisho ya Tano ya Katiba, yaliyoidhinishwa mwaka 1791, yanasema kwamba mtu hatajibu shtaka la kosa la kifo au kosa lingine lililo infamous ila kwa mashtaka yaliyopitishwa kwanza na baraza la wananchi. Waandishi hawakufafanua. Kwa karibu karne moja wengi walilisoma kwa maana ya Kiingereza cha kale: makosa yanayomnyima mtu ushahidi.

Mwaka 1885 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ililigeuza. Katika shauri la Ex parte Wilson, mtu alikuwa amefungwa miaka 15 na kazi ngumu kwa kumiliki hati bandia za serikali, na hakupitishwa kwenye baraza la wananchi. Jaji Horace Gray aliandika kwamba Katiba hapa inamlinda mshtakiwa, kwa hiyo kinachotazamwa ni adhabu inayoweza kumpata. Na kwamba adhabu gani ni ya fedheha, hilo hubadilika pamoja na fikra za watu kutoka zama hadi zama. Wilson akashinda. Mwaka uliofuata, katika shauri la Mackin, mahakama hiyo iliongeza kwamba kifungo katika gereza kuu ni fedheha hata bila kazi ngumu. Majaji wa Uingereza walikuwa wamesema kosa ndilo linalofedhehesha. Majaji wa Washington wakasema ni adhabu. Herufi hazikuguswa, maana ikapinduka, na safari hii ikapinduka kwa faida ya mnyonge.

Katika majimbo neno hilo hilo lilifanya kazi kinyume. Katiba ya Iowa ya 1857 inamnyima kura mtu aliyehukumiwa kwa kosa lililo infamous. Mwaka 1994 wabunge wa jimbo waliandika kwamba maana yake ni jinai kubwa yoyote. Mwaka 2016 mama mmoja aliyewahi kutiwa hatiani kwa dawa za kulevya aliiomba Mahakama Kuu ya Iowa imtambue kuwa mpiga kura: kosa lake lilikuwa baya, lakini je, liliuharibu uchaguzi? Alishindwa kwa majaji wanne dhidi ya watatu. Maelfu walibaki nje ya kituo cha kura kwa nguvu ya kivumishi cha zama za farasi, mpaka gavana alipotoa amri Agosti 2020 iliyowarudishia wengi wao haki hiyo. Gavana wa kesho anaweza kulegeza au kukaza. Neno lenyewe bado limeketi katika katiba.

Anayedhani hayo ni ya mbali afungue Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya 1977, ibara ya 67. Hapo mtu hupoteza sifa ya kuwa mbunge akifungwa kwa muda unaozidi miezi sita kwa kosa linaloambatana na utovu wa uaminifu. Ni wazo lile lile la praetor: aliyeuvunja uaminifu asisemee wengine. Tofauti ni kwamba katiba hii imeutaja ubaya wenyewe. Haikusema “mtu mwenye jina baya”, ikamwachia kila jaji atafute ni jina gani.

Madaktari na mkate

Uwanja mwingine ambako neno lilibaki na meno ni taaluma. Sheria ya Madaktari ya Uingereza ya 1858 iliunda baraza na daftari la madaktari, na ikalipa baraza uwezo wa kumfuta aliyepatikana na mwenendo ulio infamous katika taaluma yake. Mwaka 1892 lilifutwa jina la Thomas Allinson. Hakuua mgonjwa wala hakughushi cheti. Alikuwa akihubiri unga usiokobolewa, mboga na kuacha dawa, akawakosoa wenzake magazetini kwa kuwapa watu sumu, na akatangaza mahali anapopatikana. Alikata rufaa. Mwaka 1894 mahakama ilisema mwenendo wa daktari ni wa fedheha ikiwa wenzake wenye sifa njema na ujuzi, wakiutazama kwa haki, watauona ni wa aibu au usio wa heshima. Akashindwa.

Ufafanuzi huo ulitawala kwa miongo mingi, na ukiutazama vizuri utamwona Mrumi nyuma yake. Wanaotamka ni wenye tabaka, na kosa linaweza kuwa ulaghai kwa mgonjwa au kuwa kero kwa wenzio. Mwaka 1960, katika shauri la Felix lililomhusu daktari wa meno, wazee wa Baraza la Rufaa la London walibana maana: neno hilo lina uzito wa uovu, udanganyifu au kukosa uaminifu, wala halifai kwa uzembe wa kujaza fomu. Sheria mpya ya 1969 ililiondoa kabisa, ikaweka mahali pake maneno yenye maana ya utovu mkubwa wa maadili ya kazi. Wakati huo lilikuwa limeshasafiri na dola. Kenya ilipotunga Sheria ya Madaktari na Madaktari wa Meno mwaka 1977, miaka minane baada ya Waingereza wenyewe kuliacha, iliandika infamous or disgraceful conduct. Ama Allinson, unga wake uliwashinda waliomfuta. Jina lake lingali linauzwa kwenye mifuko ya mkate Uingereza.

Doa lisilo na daftari

Huku sheria zikilipunguza, lugha ya kawaida ilikuwa ikilimwaga. Desemba 7, 1941 Japani ilishambulia Pearl Harbor. Katika rasimu ya hotuba yake kwa Kongresi, Rais Roosevelt alikuwa ameisema siku hiyo kuwa itaishi katika historia ya dunia. Akakata maneno hayo kwa kalamu, akaandika infamy. Ustadi wake ulikuwa katika kumhukumu adui kwa msamiati wa mahakama: shambulio lilifanyika mabalozi wa Japani wakiwa bado kwenye mazungumzo, na kuvunja uaminifu ndiko hasa kulikokuwa moyo wa orodha ya kale. Lakini fedheha aliibandika kwenye tarehe, na tarehe haiwezi kujitetea wala kukata rufaa.

Tangu hapo neno limekuwa jepesi. Filamu ya kuchekesha ya Three Amigos, ya 1986, ilicheza na ujinga wa waigizaji waliodhani kuwa infamous ni mtu aliyepita umashuhuri wa kawaida. Leo utani huo umekuwa matumizi. Pilipili ya mgahawa ni infamous, kona ya barabara ni infamous, penalti iliyopaa ni infamous. Notorious, ndugu yake ambaye asili yake ni kujulikana tu, amepita njia hiyo hiyo: kutoka mhalifu hadi jina la kujigamba la mwanamuziki wa rap, na kutoka hapo hadi jina la mapenzi la jaji wa Marekani Ruth Bader Ginsburg. Lugha haishtakiwi kwa kubadilika, na mwenye kulalamikia pilipili anapoteza muda wake.

Tatizo ni pale wepesi huo unapomwangukia mtu. Mwandishi akiandika “yule infamous fulani”, ametoa hukumu bila kutaja kosa, bila kumsikiliza mtuhumiwa, bila kuweka muda, na mtambo wa kutafuta habari utairudia kila jina hilo linapoandikwa. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ililikuta jambo hilo Mei 2014, iliposikiliza shauri la Mhispania mmoja aliyelalamika kwamba tangazo la gazeti la 1998, la kupigwa mnada nyumba yake kwa deni alilokwisha kulimaliza, bado ndilo ambalo Google ilimtambulisha nalo. Mahakama ilisema ana haki ya kuomba kiungo kiondolewe. Majaji hawakuhitaji Kilatini, ila walichokuwa wakijibu ni swali la tatu kati ya yale matatu.

Kwa hiyo nawapa wenzangu wa vyumba vya habari na meza za tafsiri ushauri mmoja wa kazi. Mkikuta neno hili katika andiko la sheria, lifasirini kwa kile kinachopotea: kura, ushahidi, leseni, cheo. Mkilikuta katika habari, msikimbilie “maarufu kwa ubaya”. Andikeni tendo, nani alilithibitisha, na mwaka gani. Kama hakuna aliyelithibitisha, hapo mwandishi wa Kiingereza hakuwa na habari, alikuwa na chuki. Mrumi aliyemfedhehesha mwigizaji alikosea, na baraza lililomfuta daktari wa mkate lilikuwa na kiburi. Hata hivyo wote wawili walitia sahihi, walisema wanachoondoa, na ulijulikana mlango wao wa kwenda kudai. Anayechafua jina la mtu leo kwa kivumishi kimoja hana budi kudaiwa angalau hayo.